Tazama Hatari!, halafu nenda Momella

Ndugu yangu, umeuliza filamu gani utazame kabla ya safari yako ya Arusha, na kama mahali ilipopigwa panafaa kutembelewa. Mimi nasema Hatari! ya mwaka 1962. Hadithi yake ni nyepesi, na Waafrika wamewekwa pembeni mno katika nchi yao wenyewe. Hilo linaniuma kila nikiirudia. Lakini zile mbio za kuwakamata faru na twiga! John Wayne, nyota wa filamu wa Marekani, na wenzake walikimbiza wanyama wa kweli kwa magari, na vumbi lile ni la Tanganyika hasa.

Ukishaitazama, nenda Momella, mojawapo ya mahali ilipopigwa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hardy Krüger, mwigizaji Mjerumani wa filamu hiyo, alipapenda hadi akanunua shamba huko. Utaona twiga wengi, mbega msituni na heroe kwenye maziwa, Mlima Meru wa mita 4,566 ukiwa umesimama nyuma yao. Simba usiwatarajie. Fika alfajiri, mawingu yakiwa bado hayajaufunika mlima. Mimi napapenda kuliko hifadhi kubwa zenye misururu ya magari.