Kopo Chini ya Godoro

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu ana miaka 14. Tangu Idi hataki harusi, hataki kupigwa picha. Alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, nikafurahi, kisha nikaona magharibi hufuturu tende moja na maji, basi. Juzi nikitandika kitanda chake nimekuta kopo la krimu ya kujichubua chini ya godoro. Dada zangu humwita Tipwatipwa, lakini ni mzaha tu. Nimchape? Au nimnunulie krimu iliyo bora? Na mwezi ujao kuna harusi ya binamu yake, nimlazimishe kwenda?*
*Mama, Langoni, Lamu*

Marahaba, mwanangu. Fimbo iweke, na krimu usinunue yoyote. Hilo kopo usilitupe kwanza, mzuie tu asijipake tena na ulipeleke hospitalini pamoja naye. Baadhi ya krimu hizi huwa na dawa kali za ngozi, na mtu aliyezizoea akiacha ghafla uso huweza kumuwaka, kwa hiyo daktari alione. Kama maandishi yanaonya usiguse dhahabu wala fedha ukiwa umejipaka, shuku zebaki. Zebaki hupenya ngozi ikaharibu figo, na kwa taulo na shuka humfikia hata asiyejipaka. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, tangu 1998, lakini madukani havijaisha.

Hilo ndilo jepesi. Zito ni hiyo "mzaha tu" yako.

Mimi nilipokuwa na umri wake, mjomba alizoea kuniita Ufito mbele ya wageni. Zawadi alizoniletea kutoka safarini zote nimezisahau. Ufito ningali nalo, na nina wajukuu.

Tena sisi watu wa Pwani tuna kichekesho chetu. Mtoto mchanga akinona, hakuna anayethubutu kumsifu bila mashallah, tunaogopa kijicho. Miaka 14 baadaye mapaja yale yale yanatangazwa kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, mbele ya ukumbi mzima: "Mbona umefura hivi, nani atakuoa?" Mashallah imekwenda wapi? Waite dada zako faraghani kabla ya harusi, uwaambie jina hilo likome, awepo mtoto asiwepo. Watasema umejifanya mzungu. Waache waseme. Nawe jisikilize: mara ngapi umemwambia asikae juani atakuwa mweusi?

Kuhusu saumu, usimsute kwamba anamdanganya Mungu. Nia yake anaijua Mola. Wewe shughulika na sahani. Umri huu mwili wa msichana huweka mafuta kiunoni, mapajani na kifuani, ndivyo usichana unavyoingia, wala si ulafi. Mifupa bado inakua, na hedhi ikishaanza damu inadai madini ya chuma. Mwambie hayo, kwa sababu huenda hakuna aliyemwambia. Ikiwa anaruka chakula hata siku asizofunga, anajitapisha, au hedhi imekatika, daktari ayasikie siku hiyo hiyo ya kopo.

Zungumza naye mikono ikiwa na kazi, yeye juu ya mbuzi akikuna nazi, wewe ukichambua mchele. Ukimketisha na kopo katikati yenu atafunga mdomo. Wala usikimbilie "we mzuri, mwanangu". Atajua mama hana la kusema ila hilo. Muulize nani alisema nini, na siku gani. Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, nakujua wewe kwa barua yako tu lakini najua itakuwa kazi.

Simu nitaisema kwa ufupi: nyuso anazoziona humo nyingi zimelainishwa na programu. Mwambie aijaribu kwenye uso wako. Mtacheka.

Harusini usimlazimishe, wala usimwache nyumbani kimya kama mtu wa kufichwa. Muulize, na akikubali mwambie akitaka kuondoka mapema mtaondoka pamoja. Mpeleke kwa fundi sasa, saa ambayo hakuna wateja, apimwe upya, na umwombe fundi vipimo aviandike bila kuvitaja kwa sauti. Gauni la Idi likiwa limembana, mgawie mtoto mwingine. Lisikae kabatini likimngoja akonde.