SB 4, Mexico na wajaza fomu wa mtaani

SWALI: Naishi Houston. Niliingia Marekani 2021 kwa viza ya matembezi, muda ukaisha, nikabaki nabeba maboksi. Hii SB 4, sheria ya jimbo la Texas inayotufanya wahalifu sisi tusio na makaratasi, ni haki kweli? Jamaa mmoja ananishauri nitoke hadi Mexico, niingie upya, nijilipue, yaani niombe hifadhi ya ukimbizi kwa hadithi ya kutunga. Fomu atanijazia yeye kwa dola 3,000.

JIBU: Haki? Kwangu mimi, hapana. Askari wa barabarani hakusomea uhamiaji, na akipewa kazi ya kukamata wasio na makaratasi ataanza na rangi na lafudhi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta vifungu vitatu vya SB 1070, sheria ya namna hii ya jimbo la Arizona, kwa kuwa uhamiaji ni kazi ya serikali ya shirikisho, ikakumbusha kwamba kubaki tu nchini bila makaratasi kwa kawaida si jinai. Kifungu kinachomtaka askari akuulize makaratasi akishakusimamisha, ilikiacha.

Ila ndugu yangu, wewe unaogopa SB 4 ambayo si yako. Ziko mbili. Ya 2023, inayopigiwa kelele, inamlenga aliyevuka mpaka nje ya vituo halali. Ilitumika saa chache tu Machi 2024, mahakama ikaizuia tena, na kesi zikaendelea. Wewe ulipita uwanja wa ndege, ukagongewa muhuri. Inayokugusa ni ya 2017, ambayo hakuna anayeitaja kijiweni: inazitaka jela za kaunti zimshikilie mtu anayetakiwa na uhamiaji. Taa ya nyuma imeungua, leseni huna, unapelekwa jela, alama za vidole zinachukuliwa. Basi.

Sasa Mexico. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Umekaa zaidi ya mwaka mmoja baada ya muda wako kuisha. Ukitoka tu, sheria ya shirikisho ya 1996 inakufungia mlango miaka 10. Ukirudi kwa njia za panya, mlango unafungwa maisha, na hata kuomba msamaha ni mpaka uwe umekaa nje miaka 10. Muhuri wa uwanja wa ndege ndio mali pekee uliyonayo: ukija kuoa raia, na ndoa iwe ya kweli, huo ndio unaoweza kukuwezesha kupata makaratasi ya ukaazi hapahapa bila kutoka. Huyo jamaa anakutoza dola 3,000 uutupe mtoni.

Na kujilipua kwa hadithi ya kutunga? Hifadhi huombwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia, isipokuwa kwa sababu chache. Jaji akiona umedanganya kwa makusudi, anaweza kukufungia karibu milango yote ya uhamiaji.

Wajaza fomu hawa wanaojiita noteri wananimaliza. Wakongomani wanaumia sana, maana kwao noteri ni mtu mzito wa sheria; Texas ni mtu wa kushuhudia saini tu. Anayeruhusiwa kukuwakilisha ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mwombe namba ya leseni. Akianza kukuitikia "usijali, kaka", ondoka.

Juzi mama mmoja alinifungulia bahasha mezani. Risiti ya dola 2,500, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Fomu inasema alikimbia Goma; mama hajawahi kukanyaga Goma. Jaji alishaamuru aondolewe nchini kwa kutofika mahakamani, kwa sababu barua ya wito ilitumwa kwenye anwani ya mjaza fomu.