Viatu vya matairi havina kosa, shida ni kudandia

Mmeuliza wiki hii kama viatu vya matairi (vile vyenye vitairi chini vya kuteleza) na skeitibodi (ubao wenye vitairi) vipigwe marufuku barabarani kwa ajili ya usalama. Mimi naendesha bajaji hapa Dar mwaka wa saba huu, hao vijana nakutana nao kila siku ya Mungu, kwa hiyo ngoja nami niseme yangu.

Kuna jioni moja nipo Barabara ya Kawawa natoka Magomeni naelekea Morocco, nyuma nina mama na mwanae, ghafla bajaji ikawa nzito halafu usukani mwepesi kama tairi la mbele haligusi lami, nikajua tayari nimepata pancha, mara yule mama anasema kaka, kuna mtu huku nyuma kashikilia. Kucheki kwenye kioo, dogo kadandia, viatu vya matairi miguuni, hana helmeti wala nini, na nyuma yake lori linakuja. Sasa hapo mimi nifanyeje? Nikishika breki ghafla anajigonga kichwa kwenye chuma, nikiongeza mwendo ndo kabisa, nikikata kushoto na bajaji yenyewe matairi matatu si inalala? Nikapunguza mdogo mdogo mpaka akaachia mwenyewe. Alivyonipita akaniambia "shikamoo mzee". Sikuitika.

Mngeniuliza siku ile ningesema pigeni marufuku hadi viuzwe kwa kibali kama bunduki.

Lakini mtoto wa dada yangu naye anavyo. Kanunua mtumba soko la Karume kwa hela yake ya kuosha pikipiki. Nikamwambia kacheze kiwanjani, akaniuliza anko, kiwanja gani? Na kweli, pale nilipokuwa nacheza chandimu mimi leo kuna fremu za maduka mstari mzima. Vijia vya mtaani ni mchanga mtupu, na vile vitairi vidogo vigumu vikikutana na mchanga vinagoma hapo hapo wewe unaendelea na safari. Lami nzuri iko barabara kubwa tu, ndo maana wako kule, siyo kwamba wamechoka kuishi (wengine labda).

Na hili la kupiga marufuku Norway walishalijaribu. Mwaka 1978 walizuia skeitibodi, na siyo barabarani tu, hata kuuza na kununua, sababu ni hiyo hiyo watoto wanaumia. Wakaja kuachia 1989. Miaka 11 yote hiyo vijana wakawa wanaziingiza kimagendo na kujijengea sehemu za kuchezea huko msituni wasionekane. Sasa mtoto akivunjika mguu msituni nani anamuona? Bora avunjikie Kinondoni.

Ninachotaka mimi trafiki wakamate kudandia, awe na viatu vya matairi, baiskeli au pekupeku, hiyo haina mjadala. Halafu tufungiwe hata barabara moja Jumapili asubuhi, Kigali hapo jirani wanafanya tangu 2016, mara mbili kwa mwezi magari yanakaa pembeni watu wanakimbia na kuendesha baiskeli, na mji haujafa. Najua madereva wenzangu mtanitukana, Jumapili kuna abiria wa kanisani, ila tuseme ukweli tu, tukianza kuzuia kila kinachomtisha mtembea kwa miguu bajaji zetu zinatangulia, nani hapa hajawahi kupita kwenye njia ya waendao kwa miguu foleni ikikaza?

Mtoto wa dada nimempa sharti moja, bila helmeti haendi. Za michezo bei imenishinda nikamtafutia ya bodaboda, lile likubwa lenye kioo. Analalamika anaonekana kama bodaboda aliyeibiwa pikipiki. Ila analivaa.