Wadogo zangu, mirija haitafutwi kwa kisu

Wiki hii nimezunguka kwenye meza za kupasulia maiti, mikono ikiwa mfukoni, nisije nikamnyang'anya mtu kisu. Kila kikundi kinafika shavuni, kinachuna mpaka maseta, msuli wa kutafunia, ibaki peupe, halafu mmoja anauliza, "Mrija wa parotidi uko wapi?" Uko kwenye ndoo, mpendwa. Mmeutupa pamoja na mafuta.

1. Anzeni mwisho wa mrija. Wa parotidi, tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, una urefu wa takriban sm 5; unapita juu ya maseta, unatoboa buksineta (msuli wa shavu) na kutokea kinywani mkabala na gego la pili la juu. Fungua kinywa, tafuta kitundu, penyeza waya laini, ndipo uguse ngozi. Niels Stensen aliuona mwaka 1660 huko Amsterdam kwenye kichwa cha kondoo, alipopenyeza chuma chembamba na kusikia ncha ikigonga meno. Baadaye akagombana na mwalimu wake kuhusu nani aliyeugundua, kwa hiyo hata ugomvi wenu wa nani ashike kibano si mpya.

2. Mrija wa manii hutafutwa kwa vidole. Ubiringishe; ukiwa mgumu kama kamba, ndio wenyewe.

3. Mrija wa limfu wa kifuani. Hapa naomba mniazime masikio. Nilipokuwa kwenye viti vyenu nilipewa kazi ya kuuonyesha, na nilijua maneno yote: nyuma ya umio, kati ya azigo (vena iliyo kulia mwa uti wa mgongo) na aota (ateri kuu), unavuka kwenda kushoto karibu na pingili ya 5 ya kifua, unamwaga limfu kwenye makutano ya vena mbili shingoni kushoto. Nikayasema kwa sauti huku mkono ukisafisha "mafuta" nyuma ya umio kwa pupa. Kwenye maiti mrija ule ni mwembamba, umepauka, umelala bapa. Niliuvuta kwa kibano, ukakatika, nikaupangusa kwenye kitambaa. Nilipogundua, wenzangu walikuwa wamekwenda kunawa. Sasa mtu mwenye akili angesema. Mimi nilitafuta kimshipa chochote chembamba kushoto mwa aota, nikakifunga uzi mweupe. Darasa zima likapita kuchora. Wengine walinisifu kwa usafi wa kazi, nami nikashukuru!

Siku ya ukaguzi msimamizi alishika ule uzi, hakusema kitu, akakifuata kimshipa kwa ncha ya kibano. Badala ya kupanda shingoni, kikapinda kulia nyuma ya aota na kuingia kwenye azigo. Akakiminya, kikatoka kipande cha damu iliyoganda. Ilikuwa hemiazigo, vena ya damu. Aliniuliza swali moja tu: "Na limfu yenyewe umeiweka wapi?" Nilitakiwa kwenda kwa kila aliyechora, mmoja mmoja, nikamwambie afute. Wewe wa meza ya dirishani, uzi wako nimeuona. Njoo tuzungumze kabla sijaufuata.

4. Mnaosomea tiba ya mifugo, acheni kutafuta kibofu cha nyongo kwa farasi. Hana. Na kwa kondoo, mrija wa kongosho huungana na wa nyongo, basi msitoboe utumbo mkitafuta tundu la pili. Kwa mbwa, mrija wa ziada wa kongosho ndio kwa kawaida mkubwa. Anayekariri kitabu cha binadamu ataumbuka.

5. Pembetatu ya Calot, pale chini ya ini kati ya mrija wa kibofu cha nyongo na wa ini: usitaje jina la mrija kabla hujaona unakotoka na unakoingia. Ule wa kibofu cha nyongo na ule wa ini hulala karibu sana, na kwa baadhi ya watu hushuka sambamba kabla ya kuungana. Tishu ikiwa na madoa ya kijani, nyongo imevujia hapo, punguza mwendo. Kisu kiweke mezani. Ncha butu za mkasi, zikifunguliwa polepole ndani ya mafuta, zinatosha.