Mwambie Kompyuta Yako Kwamba Bando Unalinunua

Juzi nimepokea meseji ya dada mmoja wa Mbagala. Naiweka kama ilivyo, jina lake tu nimeliondoa: "Kaka habari. Asubuhi nimejiunga GB 10 nifanye kozi yangu kwenye laptopu. Nikawasha hotispoti, nikafungua video mbili, saa sita mchana naambiwa bando limekwisha. Hawa watu wanatuibia au mimi ndiye sijui?"

Dada yangu, niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili sikucheka tena. Hilo swali mimi nimewahi kuliuliza machozi yakinilengalenga, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye chumba changu cha Sinza, juu nimevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama, chini pensi.

Ngoja nisimulie, maana nawajua wasomaji wangu. Wote tunataka kitu kimoja: kufanya kazi nyumbani, kulipwa na watu wa mbali, na kuachana na kugombania daladala saa kumi na moja alfajiri.

Wakati huo nilikuwa naediti video za harusi. Sendofu, kitchen pati, ndoa yenyewe, na yule mjomba ambaye lazima aonekane akicheza kwa dakika nne nzima la sivyo familia hailipi. Kazi ile haikuhitaji intaneti, unaweka kwenye flashi unampelekea mtu. Kisha nikapata nafasi ya kuomba kazi ya kuediti video za mafunzo kwa kampuni moja ya nje. Nilivyoipata nafasi hiyo nilishaeleza siku nyingine, sirudii. Jaribio la kwanza nikapita, la pili nikapita. Likabaki la mwisho: kuzungumza nao ana kwa ana kwa video, siku ya Alhamisi, saa kumi jioni.

Nilijipanga, au nilidhani nimejipanga. Asubuhi nikajiunga GB 8. Mazungumzo ya video ya saa moja hula kama nusu GB hadi GB moja na kidogo, kwa hiyo nilikuwa na akiba ya kumwaga. Saa nne nikawasha hotispoti, yaani simu igawe intaneti yake kwa Wi-Fi, na kuiunganisha laptopu mapema "ili mambo yazoeane". Nikaiacha simu kwenye chaja, laptopu iko wazi juu ya meza, nikaenda kunyoa. Kutoka kinyozi nikapitia mihogo. Niliporudi saa nane, feni ya laptopu ilikuwa inanguruma kama jenereta la saluni. Nikasema ni joto la Dar, nikaisogezea feni kubwa.

Saa kumi kamili nikaingia. Walikuwa watatu, wananisalimia, wanacheka, mmoja anauliza kuhusu Zanzibar kama kawaida yao. Dakika ya kumi na mbili, wakati naeleza jinsi ninavyopanga sauti, nyuso zao zikaganda. Simu ikatetemeka: "Ndugu mteja, umemaliza kifurushi chako."

Salio sina. Nikaingia kwenye menyu ya pesa ya simu, vidole vinatetemeka, nikakosea namba ya siri, nikaanza upya. Dakika tisa. Nikarudi, wakanipokea vizuri kabisa, nikasema samahani, nikaendelea. Hazijapita dakika tano, mama akapiga kutoka Korogwe. Alikuwa anauliza kama mahojiano yamekwisha. Nikapokea kwa kuchanganyikiwa, "Shikamoo mama, nitakupigia," nikakata. Lakini 4G ilikuwa imeshaondoka pale juu ya kioo, imebaki ile E ya zamani, alama ya mtandao wa taratibu, na picha haikurudi. Mtandao ulipokaa sawa, chumba cha mkutano kilikuwa kitupu.

Kesho yake ikaja barua pepe ya heshima. Wanahitaji mtu mwenye intaneti ya kuaminika. Hawakusema sijui kuediti. Hilo ndilo lililonichoma na linanichoma mpaka leo ninapoandika: nilipita kwenye kazi nikaanguka kwenye bando.

Jumapili nikaenda Tabata kwa baba mdogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akasema, "Wewe kijana, kazi gani hiyo inakatika kama vocha? Tafuta ofisi." Shangazi na binamu wote wakacheka. Mimi pia nikacheka, ungefanyaje.

Nilipiga huduma kwa wateja nikafoka mpaka sauti ikakauka. Dada wa watu akanijibu kwa upole kwamba data imetumika. Imetumika na nani wakati nilikuwa nanyolewa? Sikumwamini. Ni fundi mmoja pale Makumbusho aliyenifumbua macho. Hakuigusa simu. Alifungua laptopu, akaenda kwenye mipangilio, upande wa mtandao, penye maneno "Data usage". Ikatokea orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja imekula kwa siku thelathini. Akaweka kidole kwenye mstari wa juu. "Mwizi wako huyu hapa, unalala naye chumba kimoja."

Windows ilikuwa imeamua kujisasisha, GB tano na ushee. Chini yake, programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ilikuwa inapandisha picha za harusi ya watu wa Kigamboni ambazo sikuwa nimeiomba izipandishe. Vyote viwili wakati nakula mihogo.

Sababu yake ni rahisi, ila hakuna anayekwambia dukani unaponunua laptopu. Simu ikiwa kwenye 4G inajua iko kwenye data ya kununua, inajizuia, vitu vizito inavisubirisha mpaka ipate Wi-Fi. Laptopu haioni 4G. Laptopu inaona Wi-Fi tu, na kwayo Wi-Fi ni ile ya ofisini, ya kulipiwa kwa mwezi, kula utakavyo. Haijui kwamba ng'ambo ya pili kuna wewe na elfu kumi yako. Simu mbili za Android zikiunganishwa hivyo huwa zinaambizana zenyewe kwamba hii data ni ya kupimiwa. Kompyuta usiitegemee hivyo. Iambie wewe.

Kuiambia kwenyewe ni dakika moja. Ukishaunganisha hotispoti, fungua mipangilio ya Windows, ingia kwenye mtandao, bonyeza jina la Wi-Fi uliyounganisha, shuka mpaka uone "Metered connection", yaani mtandao wa kupimiwa, washa. Basi. Sasisho kubwa zitasubiri, mafaili ya mtandaoni yatatulia. Sikwambii itazuia kila kitu, sasisho nyingine za lazima hupita, lakini ule ulafi unakwisha. Kwenye iPhone na kompyuta za Mac kuna kitu cha namna hiyo kinaitwa "Low Data Mode".

Sasa sikiliza, na hapa ndipo wengi mnapoumia mara ya pili, kama nilivyoumia mimi. Kompyuta inakumbuka agizo hilo kwa jina la hotispoti. Nilipofurahi kwamba nimeshakuwa mjanja, nikabadilisha jina la hotispoti yangu nikaiita "Kajiunge Mwenyewe", kuwakomoa majirani. Kwa kompyuta, hiyo ni Wi-Fi mpya kabisa, haijawahi kuiona. Ikarudi kwenye ulafi wake usiku huo huo. Mara ya tatu ilikuwa waya. Kuunganisha kwa waya wa USB ni kuzuri, ni imara kuliko Wi-Fi na simu inachaji papo hapo, lakini kompyuta inauona waya ule kama waya wa mtandao wa ofisi, kwa hiyo agizo unalitoa upya huko kwenye "Ethernet". Kila njia mpya, iambie upya.

Nimetaja majirani. Nyumba yetu ya Sinza ilikuwa na wapangaji sita na mtoto wa mwenye nyumba aliyefunga shule. Neno langu la siri lilikuwa 12345678, maana simu ilidai herufi zisizopungua nane nami sikutaka kufikiri. Mtoto yule hakufikiri pia. Nilikuja kuona kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa kuna simu mbili na televisheni. Televisheni! Nikakumbuka ni kwa nini jioni zile katuni zilikuwa hazikatiki chumba cha pili. Sikugombana na mtu, nikabadilisha neno la siri na kuweka idadi ya vifaa kuwa kimoja, simu nyingi za Android zinaruhusu. Yule mtoto hakunisalimia wiki nzima.

Kuhusu simu kukaa wapi. Nyumba zetu zina kuta nene na madirisha ya nondo, na watu wanaweka simu mezani pembeni ya laptopu kwa sababu ndiyo inayotoa Wi-Fi. Geuza. Kinachopata shida ni safari ya kutoka mnarani mpaka kwenye simu, siyo ya kutoka kwenye simu mpaka kwenye laptopu. Weka simu dirishani, wewe kaa hata mita tano. Ukiwa karibu, kwenye mipangilio ya hotispoti chagua mawimbi ya 5 GHz, yana kasi na msongamano mdogo. Ukiwa chumba kingine au laptopu yako ni ya zamani, chagua 2.4 GHz, maana inapenya ukuta vizuri na kila kifaa kinaiona. Ila jua la saa nane lisiipige simu. Hotispoti na chaji kwa pamoja zinaitia homa, na simu yenye homa inapunguza kasi yenyewe. Mimi naiweka juu ya vigae, naitoa kava. Rafiki yangu mmoja aliiweka kwenye friji. Mtandao ukapotea, kwa sababu friji ni sanduku la bati, na ilipotoka ilikuwa inatoka jasho ndani ya kioo. Hayuko peke yake, naambiwa.

Suala la mama. Kwenye laini nyingi simu ikipigwa, kama huduma ya kupiga kupitia 4G haijawashwa, kifaa kinashuka mpaka 3G au 2G ili kipokee sauti, na hotispoti inashuka nacho. Tafuta "VoLTE" kwenye mipangilio ya laini, kama simu na mtandao wako vinayo, washa. Laini mbili kwenye simu moja si dawa, simu ikiingia kwenye laini ya pili mara nyingi data ya kwanza inasimama. Mimi sasa kabla ya mkutano nampigia mama mwenyewe.

Dada wa Mbagala, video zako mbili nazo zina lawama kidogo. Kioo cha laptopu ni kikubwa, kwa hiyo video inajipandisha yenyewe mpaka 1080p, ubora wa juu wa picha, na huko saa moja inaweza kula GB moja na nusu au zaidi. Mwalimu anaandika ubaoni, unamtakia 1080p ya nini? Shusha mpaka 480p. Lakini GB 10 hazikuliwa na mwalimu. Fungua ile orodha, utamwona aliyekula.

Miezi iliyofuata baada ya kukosa ile kazi haina cha kusimulia, niliediti wajomba wanaocheza. Kisha nikapata kazi nyingine, ndogo kuliko ile, na ninayo mpaka sasa, mwaka wa tatu huu. Sina ruta, sina waya wa fibre, ni simu ileile dirishani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, mtaani watu walikuwa wanazima na kuwasha simu mpaka betri zikaisha. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa kukuokoa. Niliwatumia wateja wangu meseji mapema, nikaenda kulala.

Na niseme ukweli, hata kama utaniudhi. Vijana tunapenda kusema mtandao ni mbovu, bando ni ghali, nchi imetuangusha. Bando ni ghali kweli. Lakini unaweka elfu kumi kwenye kifaa usichokijua, hujawahi hata siku moja kufungua mipangilio yake, halafu unalalamika umeibiwa. Pesa ya chakula unaihesabu, nauli unaihesabu, data unaiacha na kompyuta peke yake ndani ya nyumba. Fungua mipangilio. Isome. Iambie kompyuta. Nimeshasema mara ngapi?

Mwezi uliopita baba mdogo alikuja kwangu na laptopu ya ofisini kwao. Ofisi yao ilikuwa haina mtandao, na yeye ana nyaraka za zabuni za kutuma kabla ya saa kumi na mbili. Akaketi kwenye kiti changu kizuri, akavaa miwani, akasema, "Mwanangu, hebu nipe hiyo intaneti yako."

Kuna njia ya tatu ya kugawa intaneti ambayo sijaitaja: Bluetooth. Haili betri sana, inafaa umeme ukikatika na una barua pepe fupi ya kutuma, lakini ni ya taratibu sana.

"Karibu baba," nikamwambia, "washa Bluetooth."

Aliondoka baada ya magharibi. Nyaraka zilifika, saa kumi na mbili kasoro dakika nne, na hajaniuliza tena kuhusu ofisi.