Vitabu vya kusomea teolojia ya Zaburi: ununue kipi kwanza?

Swali: Shalom mwalimu. Nasoma teolojia hapa Bukavu, mwaka wa pili, na tumepewa kazi ya kuandika juu ya teolojia ya Zaburi. Pesa yangu inatosha vitabu viwili, vikizidi sana vitatu. Nasoma Kifaransa vizuri, Kiingereza kidogo, Kiebrania ndiyo nimeanza. Nimeonyeshwa vitabu vinne vya ufafanuzi, vyote vinene. Nichukue kipi?

Jibu: Shalom ndugu yangu. Kwa sasa usichukue hata kimoja kati ya hivyo vinne. Kitabu cha ufafanuzi hueleza zaburi moja moja, mstari kwa mstari. Kazi uliyopewa inauliza jambo jingine: zaburi zote 150 kwa pamoja zinasema nini juu ya Mungu, mfalme, Sayuni, maskini, adui na kifo? Anayeanza na ufafanuzi peke yake hufika Zaburi ya 20 daftari limejaa, lakini hoja ya kuandika hana.

Kabla ya kutoa pesa, kipime kitabu kwa zaburi chache ngumu. Fungua Zaburi 89. Mwandishi anayeijua kazi yake atakuonyesha kwamba hapo ndipo kinapofungwa kitabu cha tatu kati ya vitano vinavyounda Zaburi (1–41, 42–72, 73–89, 90–106, 107–150), na kwamba agano na Daudi linaonekana limevunjika. Zaburi 90 inafuata ikiwa na jina la Musa, halafu 93 na 95–99 zinamtangaza Bwana kuwa ndiye mfalme. Mpangilio huo wenyewe ni teolojia. Wataalamu walianza kuutilia maanani zaidi baada ya Gerald Wilson kutoa utafiti wake mwaka 1985. Kitabu cha kabla ya hapo kinaweza kuwa kizuri sana, ila hoja hiyo usiitegemee sana humo.

Kisha fungua 88, ile inayoishia gizani. Mwandishi akikimbilia faraja ambayo zaburi yenyewe haitoi, mwache.

Kipimo kikubwa kwetu huku Kivu ni zaburi za laana: 58, 109, na mwisho wa 137. Waumini waliokimbia vijiji vyao na kuzika watu wao wanazisikia kwa masikio mengine kabisa, na mhubiri atakayeulizwa juu yake hawezi kujibu kwa mistari miwili kwamba hayo ni mambo ya Agano la Kale. Kitabu kinachofaa kitaeleza kilichotokea Yerusalemu mwaka 587 kabla ya Kristo, Wababeli walipoangamiza mji. Kitaonyesha kwamba anayeomba anamkabidhi Mungu kisasi, yeye mwenyewe hachukui silaha. Kitasema pia jinsi Kanisa lilivyohangaika na maneno hayo: Liturujia ya Vipindi ya Kikatoliki (kitabu cha sala za kila siku), iliyotoka mwaka 1971, iliacha kabisa Zaburi 58, 83 na 109, na mistari kadhaa ya nyingine. Uamuzi huo waweza kuukubali au kuupinga, lakini mwandishi asiyeugusa amekuficha nusu ya mjadala.

Mwisho tazama 110, ambayo Agano Jipya linaitumia kuliko zaburi nyingine yoyote. Ataje kwanza mfalme wa Yerusalemu, ndipo afike kwa Kristo. Akiruka hatua ya kwanza, hutajua kwa nini waandishi wa Agano Jipya waliichagua.

Sasa ununuzi. Cha kwanza ni Biblia, TOB (Traduction œcuménique de la Bible) yenye maelezo kamili, kwa sababu maelezo yake ya chini yatakusaidia kila siku. Cha pili ni *Psaumes nuit et jour* cha Paul Beauchamp (1980). Si kinene, na kimepangwa kwa mada: maombolezo, sifa, ahadi, uumbaji. Mpangilio huo ndio utakaokufundisha kuuliza maswali ya teolojia. Pesa ikibaki, chukua *Le psautier de David* cha Jean-Luc Vesco (2006). Hicho ni ufafanuzi, lakini kinazisoma zaburi kama kitabu kimoja. Kina juzuu mbili. Hakikisha unapewa zote mbili, na kama ni cha mkono wa pili, kagua kurasa moja moja.

Kitabu cha Hans-Joachim Kraus juu ya teolojia ya Zaburi (1979) kipo kwa Kijerumani na Kiingereza. Kiingereza chako kidogo kitakuchosha, basi usikinunue. Kitafute maktabani, soma yaliyomo na sura ya adui, upige fotokopi ya hiyo tu. Jaribu seminari kuu ya Murhesa, au ukienda Goma, maktaba ya ULPGL (Université Libre des Pays des Grands Lacs). Omba barua ya profesa wako kabla ya kwenda. Ukiwa humo angalia pia *Vocabulaire de théologie biblique* cha Xavier Léon-Dufour, vipengele vya maskini, mfalme na sifa. *Commentaire biblique contemporain*, kazi ya wataalamu wa Afrika, ni kizuri kwa mahubiri, lakini Biblia nzima imo katika juzuu moja, kwa hiyo kila zaburi inapata nafasi ndogo. Ufafanuzi wa Zaburi wa Augustino na wa Calvin hauhitaji pesa: tafsiri za Kifaransa zinapatikana bure mtandaoni.

Jihadhari na namba, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Augustino anafuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini, ambako 9 na 10 ni zaburi moja. Kwa hiyo Zaburi yetu ya 51 kwake ni 50. Hesabu hizo zinakutana tena kwenye 148. Mistari nayo hutofautiana, kwa kuwa Biblia za Kifaransa kwa kawaida huhesabu kichwa cha zaburi kama mstari mmoja au miwili, na Biblia ya Kiswahili ya Union haihesabu. Ombi la moyo safi ni 51:10 kwa Kiswahili na 51:12 kwa Kifaransa. Andika ukurasa wa kwanza wa kazi yako kwamba unafuata hesabu ya Kiebrania kama TOB, na kila nukuu ya Kiswahili uirekebishe kabla ya kuiingiza.

Usijaribu kugusa mada zote. Chukua moja, kwa mfano adui, uifuate katika zaburi sita au saba kutoka vitabu vyote vitano, ukianza na Zaburi 3 na kuishia 143. Soma zaburi zenyewe mara mbili kabla ya kufungua Beauchamp. Ukikwama, andika tena, na utaje namba ya zaburi iliyokukwamisha.