Vifaranga wa mashine: nani atawafundisha kula?

Kifaranga aliyeanguliwa na mama yake hamhitaji mfugaji kumfundisha kula. Mama anadonoa punje, anaidondosha, anaidonoa tena huku akiita ko-ko-ko, na kifaranga anadonoa papo hapo mdomo ulipogusa. Wa mashine ya kuangulia anawatazama wenzake tu, nao hawajui kitu.

Kiini cha yai alichobaki nacho tumboni kinamtosha kama siku mbili. Kwa hiyo ukiona vifo siku ya tatu hadi ya tano, kabla ya kukimbilia duka la dawa jiulize: hawa wamejua kula?

Anza na maji yaliyotolewa ubaridi. Katika vifaranga 50, kamata watano au sita, chovya ncha ya mdomo tu, matundu ya pua yasizame, kisha mwache palepale. Akiinua kichwa kumeza, jirani yake anakuja kuangalia. Huna haja ya kuwachovya wote. Chakula kimwage kwenye trei ya mayai ya karatasi, ukigongegonge kwa ncha ya kidole: mara mbili tatu, tulia, tena. Ule mlio wa kudonoa karatasi unawaita walio mbali. Gazeti tupu halifai, linateleza na miguu ya vifaranga inatanuka.

Usiku papasa kumi, kwenye kifuko cha chakula chini ya shingo. Kikiwa laini kama unga uliokandwa, amekula na kunywa. Kigumu, maji hajayaona. Kitupu, mrudishe kwenye trei ukagonge upya. Wakiwa wengi watupu, pima joto. Wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 35. Wanaotetemeka hurundikana, na aliye katikati ya rundo hamwoni anayekula.

Fito za kulalia ziwekwe kabla ya wiki ya nne, sentimita 15 kutoka chini. Waliochelewa kujifunza kupanda ndio baadaye hutaga sakafuni.

Balaa ni kwamba tabia mbaya nayo hufundishwa hivyo hivyo. Yai likipasuka kwenye kiota, mmoja ataonja, na wanaomtazama watajaribu. Okota mayai mara tatu kwa siku, kiota kiwe na giza na maranda ya kutosha, kimoja kwa kuku wanne au watano. Maganda unayowarudishia yakaange na kuyasaga hadi yasifanane na yai. Mla mayai utamjua kwa ute mkavu mdomoni. Mtenge siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Kudonoana ni hivyo pia. Damu kidogo mkiani inaita banda zima. Mtoe aliyejeruhiwa, mpake GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, kuficha wekundu, kisha kaa kimya dakika kumi umtafute aliyeanza. Mara nyingi ni mmoja au wachache tu.